Barua ya wazi kwa wanaokimbia alfajiri Shangani, Mtwara: pumzi imetangulia, miguu bado

Wanangu na wajukuu zangu,

Asalaam aleikum, na kwa wa kanisani, Bwana asifiwe. Habari za kikundi chenu ninazo, maana njia yenu inapita mbele ya baraza yangu na nyimbo zenu ndizo zinazoniamsha siku nikipitiwa na usingizi. Nimesikia pia mlichopania: kukimbia kutoka mjini hadi Mikindani na kurudi, kabla minada ya korosho haijaanza. Nia ni njema. Kwenda tu ni kilomita kumi hivi, kwa hiyo mkirudi kwa miguu mtakuwa mmekaribia nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21 na ushee. Kwa mtu ambaye wakati wa mvua alikuwa anaita bodaboda kutoka nyumbani hadi sokoni, hilo si jambo dogo. Wengi wenu mmepita mikononi mwangu shuleni, mnajua kwamba miaka yote ya kufundisha michezo na kupeleka timu UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, sikupenda kumwambia mtoto "huwezi". Nilikuwa nasema "bado". Na leo nasema hivyo hivyo.

Ninalotaka mlishike ni moja: pumzi hujifunza upesi kuliko mifupa.

Mtu akianza mazoezi, wiki za mwanzo anahema kama aliyefukuzwa, moyo unadunda masikioni, kichomi kinamkata ubavuni. Ikifika wiki ya tano au ya sita mambo yanageuka. Moyo umezoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli imejua kuitumia hewa inayoletewa, na yule aliyekuwa anasimama kila nguzo ya umeme sasa anaimba huku anakimbia. Hapo ndipo anapojiona ameiva. Anaongeza kasi, anaongeza siku, anaongeza masafa, vyote kwa wiki moja. Kumbe kano za kisigino na goti hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo zinakomaa taratibu. Na mfupa ukianza kugongeshwa kwenye lami kila siku, mwili kwanza unauchimba kidogo ndipo unaujenga upya ukiwa imara zaidi; kazi hiyo ni ya miezi. Ukiuongezea mzigo wakati bado umechimbwa, utauvunja kwa ufa mdogo usioonekana kwa macho. Wanafunzi wengi niliowaona wakichechemea hawakuumia wiki ya kwanza. Waliumia walipoanza kunogewa.

Sasa kasi. Hapa ndipo ugomvi wangu na nyinyi ulipo. Kiongozi wenu wa nyimbo ni kijana wa mpira, ana mapafu ya kuvutia lori. Yuko mbele, anaanzisha, na wa katikati wanaitikia. Ila mimi nikiwa barazani nawasikia na wa nyuma: hawaitikii, wanakoroma. Kuna mama mmoja, sitamtaja, alipita Jumanne iliyopita kaushika ubavu kwa mikono miwili na mdomo uko wazi, na mwenzake anamwambia "kaza mama, kaza!" Akaze nini? Mchakamchaka umewapa kipimo cha bure kuliko hizo saa za mkononi mnazoazimana. Kama mtu wa mwisho kwenye mstari hawezi kuitikia kibwagizo kizima bila kukatika, basi kasi ni kubwa na wote mnapunguza. Wote, na aliye mbele akiwemo. Yeye akitaka kuchanja mbuga, aende uwanjani siku yake peke yake.

Kasi ya kuanzia ni ndogo mpaka inakera. Mtaona haya kupitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba mihogo. Mpisheni.

Na kutembea kumo ndani ya mazoezi, si kushindwa. Kwa mgeni kabisa mimi naanza hivi: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mpaka nusu saa iishe. Wiki inayofuata punguza kidogo kutembea, ongeza kidogo kukimbia. Hesabuni dakika, achaneni na kilomita kwa sasa. Ndani ya miezi miwili au mitatu wengi wataweza nusu saa nzima bila kusimama, na anayechelewa zaidi asipigiwe makelele.

Nawaona mnapita siku sita kwa wiki. Punguzeni ziwe tatu, na kati ya siku na siku pawe na mapumziko, kwa mfano Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Jumamosi ndiyo ya masafa marefu. Masafa yenu ya wiki nzima yasipande zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi juu ya wiki iliyopita, na kila wiki ya nne mnapunguza makusudi, hata kama mnajisikia mna nguvu za simba. Siku za katikati fanyeni kazi nyingine: kuogelea, baiskeli, kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu kwenye ngazi ili kuimarisha shavu la mguu. Au lima. Kulala nako ni mazoezi, ila najua hilo halina picha ya kupiga.

Kwa hesabu hiyo, safari ya Mikindani niliyowapangia ni hii. Oktoba mwende kwa miguu, mrudi kwa daladala. Mkifika karibu na Boma la zamani mtembee dakika kumi, mnywe chai na chapati mkitazama ghuba, kisha mpande gari kama watu wenye akili zao. Kurudi kwa miguu kutakuja mwakani, mvua zikishakatika. Marathoni kamili, kilomita 42 na mita 195, ambayo nasikia baadhi yenu mmeshaanza kuizungumza, tusiitaje kwanza.

Najua mtanijibu kwa mifano. Kijana mmoja alishanitajia John Stephen Akhwari, yule Mtanzania aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho amefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari ile inanitoa machozi mpaka leo. Lakini Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyekomaa, aliyeumia kwa ajali siku ya mashindano yenyewe. Hakuumia Jumatatu ya mazoezi akarudi barabarani Jumanne ili aonekane jasiri. Wewe ukichechemea barabara ya Mikindani hakuna taifa linalokungoja uwanjani. Rudi nyumbani.

Mwingine atasema Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Sote tuliruka juu Septemba 2025 kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, alipompita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, saa ikaandika muda uleule kwa wote wawili, 2:09:48, na dhahabu ya dunia ikaja Tanzania. Zile hatua za mwisho mmezitazama kwenye simu mpaka bando limeisha. Mimi natazama kilichotangulia: alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, halafu ikapita miaka minane ndipo dhahabu. Na hata siku ile ya Tokyo alijificha kwenye kundi kwa muda mrefu, hakuhangaika kuongoza.

Turudi kwenye maumivu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Kuna uchovu wa misuli: miguu yote miwili mizito, mapaja yanalalamika ukishuka ngazi, kesho kutwa yameisha. Huo hauna neno. Halafu kuna maumivu ya mahali pamoja, mguu mmoja. Kaa kitako, pitisha kidole gumba kwenye ugoko kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Ukisikia maumivu yameenea kwenye urefu wa mfupa, umezidisha. Pumzika siku kadhaa, rudi na dakika chache. Ukikuta sehemu moja tu, ndogo kama shilingi, ukiigusa unaruka, na usiku ukiwa umelala bado inauma, acha kukimbia kabisa na uende hospitali ukapimwe. Ule unaweza kuwa ndio ufa niliousema.

Na hizi diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Nimeambiwa kuna wanaopitia duka la dawa, wanameza kidonge ndipo wanakimbia, ili mguu "usiwasumbue". Wanangu, mguu unaosumbua unawaambia kitu. Dawa ile inafunga mdomo wake tu, ufa unaendelea. Tena figo zenu, mkiwa mnatoka jasho na maji yamepungua mwilini, zinaumizwa na dawa za aina hiyo. Hili silijadili.

Wenye presha, wenye sukari, waliovuka miaka arobaini baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi: mpimwe kwanza. Mtu akisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unakwenda mbio bila mpangilio, anasimama palepale na wenzake wanasimama naye. Homa ikiwepo, hakuna kukimbia "ili itoke kwa jasho".

Joto la kwetu lina tabia yake. Jasho linakupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Huku pwani hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika mpaka kwenye soksi bila kukauka, na mwili unabaki na moto wake ndani. Kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe, kasi ileile ya Julai itawagharimu zaidi. Kubalini kwenda polepole wala msidhani mmerudi nyuma. Jua likishapanda muwe mmemaliza. Kunyweni kwa kufuata kiu. Kujijaza maji matupu lita kwa lita nako kuna hatari, yanaizimua chumvi ya damu. Dafu ni zuri, sina ugomvi na dafu, ila lina chumvi kidogo kuliko jasho lililokutoka, kwa hiyo baada ya safari ndefu kula na kitu chenye chumvi: samaki, supu, korosho za kukaanga zenye chumvi. Ugali wa muhogo ulioshindiliwa tumboni saa moja kabla ya kukimbia ndio mama wa kichomi. Kwa nusu saa ya alfajiri hamhitaji kula chochote. Ikipita saa moja, ndizi au kipande cha muhogo kinatosha.

Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wakimbie pole kwa dakika ishirini au thelathini, kabla tu ya futari, au usiku baada ya tarawehe. Siyo mwezi wa kuongeza masafa.

Raba za mtumba zinafaa kabisa kama soli haijalika upande mmoja. Ikunje: ikikunjika katikati kama kandambili, iache. Ufukweni kimbieni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu, tena muda mfupi, kwa sababu mteremko wa ufukwe unafanya mguu mmoja uwe juu na mwingine chini. Barabarani kaeni kulia mkitazamana na magari, nguo nyeupe, mstari mwembamba. Malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini hayana subira na mchakamchaka.

Na nyinyi wavulana wa kijiwe cha bodaboda, barua hii ni yenu pia. Wasichana na akina mama wakipita na mitandio yao, midomo ifungwe. Wengine wenu mama zenu wamo humo. Akina mama, sidiria inayoshika vizuri ni ya lazima kama raba, msione haya kuitafuta.

Jumamosi hii nitakuwa nje ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona kuanzia saa kumi na moja na nusu. Njooni na raba zenu nizikague, na mje na filimbi moja. Itashikwa na anayekimbia wa mwisho. Akiipuliza, kiongozi wa nyimbo anatembea.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu wa michezo,
Shangani, Mtwara