Mnatuonea mafundi, faili lenyewe limekuja bovu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana nikinyamaza nitapasuka. Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba sisi watu wa kudizaini na kuprinti ni wababaishaji, eti kapeleka kazi ya kadi rangi hii zikatoka rangi ile, na picha imejaa ukungu, na hela kashalipa yote. Hapo kwenye kulipa yote kabla ya kuona kazi namuonea huruma kweli. Ila hayo ya ukungu na rangi nataka nimjibu, na humo humo nawajibu vijana wanaoanza hii kazi, maana miaka 11 niko mbele ya kompyuta hapa Msamvu, nimeshatukanwa kwa makosa yangu na kwa yasiyo yangu, siku hizi nayajua yapi ni yapi.

Tuanze na picha. Mteja anakuja, fundi nataka bango la baba, mita 2 kwa 1, picha nakurushia WhatsApp sasa hivi. Anarusha. Naifungua naikuta pikseli, vile vinukta vinavyojenga picha, 1600 upande mrefu, kwa sababu WhatsApp ukituma picha kawaida inaibana ili isile bando na wala haikuulizi. Simu yake imepiga picha ya megapikseli 12, pikseli 4000 kwa 3000, mimi inanifikia imeshanyongwa njiani. Kwenye simu inang'aa huoni tofauti yoyote, lakini karatasi inataka nukta 300 kwa kila inchi, na hizo 1600 ukizigawa kwa 300 unapata inchi 5 na kidogo, yaani sentimita 13 na nusu basi. A4 iliyojaa inataka 2480 kwa 3508. Bango la barabarani linasamehe, watu wanalitazama kwa mbali hata nukta 100 zinatosha, ila uso wa baba umejaa mita nzima kwa pikseli 1600 ni nukta 40 tu kwa inchi, sasa mimi hizo nyingine nikazichume wapi?

Na dawa yake ni ya sekunde 10. Pale pale kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kuambatanisha, usiende galari, nenda dokyumenti, itafute picha yako uitume kama faili. Inafika nzima kama ilivyozaliwa. Ile ya kuchagua HD inasaidia lakini bado inabana. Au njoo na fleshi, au njoo na simu yenyewe tuchomeke waya, hatuili. Mnaotuletea skrinishoti ya stetasi ya mtu, na jina lake limekaa juu ya kichwa cha marehemu, nyie sina la kuwaambia.

Sasa rangi, na hapa kosa lilikuwa langu nalisema wazi. Kuna kamati ya kitchen party ilinipa kadi 200, rangi ya sare ni bluu ile kali iliyokolea. Nikadizaini nikaipenda mwenyewe, kwenye skrini bluu inawaka kama taa, nikawatumia wakaipitisha, nikaprinti zote kwenye karatasi ya gramu 300. Siku ya kuchukua akaja mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia, akafungua mkoba akatoa kipande cha kitambaa cha sare akakilaza mezani, akaweka kadi pembeni yake. Akavitazama. Akanitazama. "Mwanangu, mimi nina presha, ila macho ninayo. Hii ni bluu au bilinganya?"

Ilikuwa bilinganya. Sikuwa na pa kujificha.

Kilichotokea ni hiki. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ndo hiyo RGB. Printa haina mwanga, ina wino, saiani, majenta, njano na nyeusi, ndo CMYK, na wino hauwezi kufikia kila rangi ambayo mwanga unafikia. Bluu kali ya skrini ikigeuzwa kuwa wino inakuja saiani nyingi na majenta nyingi karibu sawa, na hizo mbili zikilingana jicho linaona zambarau. Mi nilidizaini kwenye RGB mwanzo mwisho nikaiachia mashine ijigeuzie yenyewe. Siku hizi nikitaka bluu ibaki bluu naweka saiani 100 na majenta 60, ikizidi sana 70, lazima kuwe na pengo la kama 30 hivi kati yao. Kijani kile cha kumeta kama ambacho kiko kwenye makoti ya bodaboda na machungwa inayowaka nazo usimuahidi mteja, kwenye wino wa kawaida hazitoki.

Kijana unayetumia Photoshop, ile programu ya kurekebisha picha, kabla hujampa mtu bei bonyeza Ctrl+Y, itakuonyesha rangi zitakavyofifia kwenye wino, kisha Ctrl+Shift+Y, zile zisizoprintika zinageuka kijivu unaziona kwa macho. Mnaotumia Canva ya bure, ile ya kudizaini mtandaoni, na siwakatazi maana hata mimi kadi za haraka nafanyia huko, mjue inafanya kazi kwa RGB, ile ya kutoa PDF ya CMYK ni ya wanaolipia, kwahiyo toa kopi moja kwanza kwenye karatasi ile ile ya kazi, mteja aione mchana, asaini kwa nyuma. Na punguza mwanga wa skrini yako, watu wanadizaini skrini imewashwa mpaka mwisho halafu wanashangaa karatasi imekuwa na giza, karatasi haina taa jamani.

Zile kadi 200 nilirudia kwa hela yangu. Mama yule alinirudia mwaka uliofuata na send-off ya binti mwingine, akaja na kitambaa chake mkobani.

Fonti napita haraka. Umedizaini nyumbani kwa fonti ya kupinda pinda kama mwandiko, umekuja kuprinti kwangu mimi sina hiyo fonti, kompyuta inachagua nyingine yenyewe, jina la bibi harusi linatoka kama tangazo la mnada. Kwenye programu ya CorelDRAW chagua maandishi bonyeza Ctrl+Q, kwenye ile ya Illustrator Ctrl+Shift+O, maandishi yanageuka mchoro hayahami tena. ILA hifadhi hilo kwa jina jingine na lile la mwanzo libaki, kwa sababu saa 4 usiku katibu wa kamati atapiga kwamba ukumbi umebadilika, na mchoro haurekebishiki kama maandishi. Na rangi ya pembeni izidishe milimita 3 nje ya kadi kila upande, maandishi yakae ndani, mkono wa mkataji na gilotini yake haviendi sawa kila karatasi.

Sasa yale mambo madogo madogo ya Photoshop yanayonipigisha simu usiku. Brashi haichori. Tisa kwa kumi kuna eneo umelichagua umelisahau, na ukigusa Ctrl+H ile mistari inayotembea inafichika huioni, unabaki unachora nje ya eneo lako unadhani programu imekufa. Bonyeza Ctrl+D uliondoe, jaribu tena. Bado? Angalia uko leya gani, yaani tabaka gani la picha, na kama ina kikufuli. Bado? Picha inaweza kuwa imekuja na rangi za kuhesabika kama GIF, nenda kwenye modi uirudishe RGB. Na brashi ikiacha kuwa duara ikawa kamsalaba, umegusa Caps Lock. Basi. Kijana wangu wa kazi alishawahi kupiga Windows upya kwa ajili ya Caps Lock, siku nzima ikaenda, mafaili mawili yakaenda nayo, nilicheka wiki iliyofuata, siku ile sikucheka.

Ikikwambia diski imejaa haiwezi kuendelea, haisemi ramu, inasema ile nafasi inayoazima kwenye diski kuweka kazi ikiwa inaendelea. Diski C ukiijaza muvi na miziki inakosa pa kukaa. Punguza, au iambie itumie diski D, na ikigoma hata kufunguka shikilia Ctrl na Alt wakati inawaka itakuuliza diski gani. Ukishikilia Ctrl, Alt na Shift pamoja inakuuliza kama ifute mipangilio yako yote ianze upya, hiyo inaponya magonjwa mengi yasiyo na jina. Umeme nao, Photoshop inajihifadhia nakala kila dakika 10 kama hujaizima hiyo kazi, lakini dakika 9 za kukata nywele za mtu kwenye picha moja moja zikipotea utalia, Ctrl+S iwe kama kupepesa macho.

Najua wengi wetu tunatumia Photoshop ya kuchakachua, sijifanyi malaika, tangu 2013 Adobe waliposema matoleo mapya ni ya kulipia mwezi kwa mwezi sisi wa mtaani mahesabu yalikataa. Lakini moja niliyopewa kwenye fleshi ilikuja na mgeni ndani yake, kirusi, akala folda nzima ya kazi za wateja. GIMP ya kurekebisha picha ipo tangu 1996 na ni ya bure halali, Inkscape ya michoro na logo ni bure, Photopea inafunguka ndani ya brauza tu bila kuinstoo na inasoma mafaili ya PSD, yale ya Photoshop. Wiki ya kwanza mkono unakataa, unazoea.

La mwisho Mhariri, hili ndo lililonifanya niandike hasa. Siku hizi watu wanazipeleka picha mbovu kwenye programu za kunoa sura kwa akili bandia, kisha wananiletea wanasema fundi hii ishasafishwa. Mwezi juzi vijana wamefiwa na bibi yao, wameniletea picha imenolewa, ngozi laini kama ya mtoto, macho yanameta, nikaweka kwenye ratiba ya mazishi nikatoa kopi ya kwanza. Akaja binti wa marehemu kusoma majina. Majina hakuyaangalia. Akaweka kidole kwenye mdomo wa picha akasema, "Huyu sio mama. Mama alikuwa na mwanya."

Kweli. Ile programu haioni kitu kwenye pikseli mbovu, inabuni, na ilivyobuni ikamziba bibi mwanya wake ikampangia meno ya tangazo la dawa ya meno. Nikawauliza hamna picha hata moja ya karatasi? Wakasema ipo moja ya zamani ya studio, iko Kilosa, imebandikwa nyuma ya kioo cha kabati. Ikapakiwa kwenye basi la jioni, imefungwa ndani ya daftari. Saizi ya positikadi, nyeusi na nyeupe, imepasuka kona moja. Nikaiskani kwa nukta 600 kwa inchi, positikadi kwa 600 inakupa karibu pikseli zote za A4, nikafuta vumbi na mkunjo kwa mkono, leya ya pembeni, uso sikuugusa. Saa 8 usiku nikaprinti. Asubuhi yule binti wa marehemu alipokuja akaishika ratiba ile muda mrefu, akaniambia mwanangu niongezee 20, huku nje kuna watu wengi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi dizaini, Msamvu, Morogoro