Figo Moja Haipo, na Nyuma ya Kibofu Hakuna Aliyetazama

Mhariri,

Miaka mingi nimesoma habari zenu za afya bila kuandika neno. Ile ya kijana aliyekutwa na figo moja imenishinda kuinyamazia. Mmeeleza kwamba ultrasaundi haikuona figo ya kushoto, akaambiwa mtu huishi vizuri na figo moja, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Maumivu yake anapokojoa na anapotoa manii mmeyapa sentensi moja. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Hali hiyo, ya figo moja kutoumbika na kifuko cha manii cha upande huohuo kuziba, daktari Zinner aliieleza tangu mwaka 1914, na inaitwa kwa jina lake. Mtoto angali tumboni, kati ya wiki ya 4 na ya 13, mrija mmoja wa kila upande huchipusha kijichipukizi kinachoamsha figo, na mrija huohuo hujenga kifuko cha manii na njia ya kutolea manii. Ukiharibika, figo haiumbiki na kifuko hukosa tundu la kutokea. Kwa kawaida mtoto hukua bila dalili yoyote. Akibalehe, kifuko huanza kutengeneza majimaji yasiyo na pa kwenda, kinavimba nyuma ya kibofu na kuwa uvimbe wa maji. Ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40.

Namjua kijana aliyetibiwa UTI, kisha kisonono, kisha tezi dume, dawa juu ya dawa, na vipimo vya kuotesha mkojo havikuonyesha kijidudu hata kimoja. Karatasi ya ultrasaundi iliyosema figo ya kulia haionekani ilikuwa kwenye faili lake muda wote huo! Hakuna aliyeiunganisha na maumivu ya msamba, damu kwenye manii na kwenda haja ndogo kila mara. Kidole kwenye njia ya haja kubwa kingegusa uvimbe laini juu ya tezi dume. Ultrasaundi ya kupitia njia hiyo ingeuonyesha, na MRI ya nyonga, kipimo cha picha kwa sumaku, ingemaliza ubishi, kwa kuwa majimaji yenye protini au damu ya zamani hung'aa kwenye aina ya picha zake ziitwazo T1. Badala yake aliendelea kumeza diklofenaki na kudungwa jentamaisini, dawa mbili zinazoweza kuumiza figo pekee aliyobaki nayo.

Na hili linaniuma zaidi: mtoto asipopatikana, mke ndiye anayezungushwa hospitali. Mpimeni mume manii kwanza. Yakiwa chini ya mililita 1.5, yenye asidi, bila mbegu na bila fruktosi, sukari inayotoka kwenye vifuko vya manii, huenda njia za kutolea manii zimeziba pande zote mbili. Kipimo hicho ni rahisi kuliko vyote anavyofanyiwa mke.

Matibabu yapo. Uvimbe usiosumbua huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Kuufyonza kwa sindano hutuliza kwa muda, kisha hujaa tena, na sindano inaweza kuingiza maambukizi. Kuufungua kwa kamera kupitia njia ya mkojo husaidia baadhi, ila mkojo unaweza kurudi ndani na kuleta uvimbe wa korodani. Unaoumiza sana au mkubwa hutolewa pamoja na kifuko kwa upasuaji wa matundu madogo, na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo awe anayejua kulinda utumbo mpana na mishipa ya nguvu za kiume. Mbegu zikipatikana, zihifadhiwe kabla ya upasuaji.

Ombi langu ni dogo. Fomu ya majibu ya ultrasaundi iongezwe mstari mmoja, kwa wino mwekundu: "Mwanamume, figo moja haipo: kibofu kijae, tazama nyuma yake, andika ulichokiona." Mstari huo usijazwe kwa alama ya vema. Uandikwe kwa maneno, na mpimaji aweke sahihi.

Msomaji wenu, Dar es Salaam