Mume wangu kasema yeye si kibarua wangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia alfajiri, usingizi umekataa. Nishauri bila kunificha, ila tafadhali usinianzie na lile la mama kuwa nguzo ya nyumba. Hilo kanisani nimelisikia la kutosha.

Maisha yetu unayajua: kazi ya kusafiri, ng'ombe wawili, watoto, na kanisani mimi ndiye mhazini. Nikisafiri nabandika karatasi kwenye mlango wa jikoni, kila kitu kimeandikwa, mwenzangu anafuata. Safari hii kaibandua, kaikunja, kanikabidhi mbele ya mama mkwe. "Mimi si kibarua wako." Hata sauti hakupaza. Bora angepaza.

Sasa niambie, kibarua yuko wapi hapo? Karatasi inasema akamue saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Saa hizo sikuzitunga mimi. Kiwele kikikaa kimejaa kupita muda wake, ng'ombe anaumia, maziwa yanaanza kupungua, na ukizoea kuchelewa unakaribisha ugonjwa wa kiwele. Inasema anawe mikono, aoshe chuchu kwa maji ya uvuguvugu, azikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake. Michirizi mitatu ya mwanzo ya kila chuchu aikamulie kwenye kikombe cheusi, aone kama kuna mabonge au maji maji. Akishaanza amalize ndani ya dakika saba hivi, maana maziwa yakishashuka hayamngoji mtu apokee simu. Kisha achovye chuchu kwenye ayodini na amwekee majani ng'ombe asimame kama nusu saa, matundu yafunge kabla hajalalia samadi.

Ndiyo hayo tu. Yeye anasema anajua kukamua. Anajua, sijakataa, na mikono yake ni laini kuliko yangu. Lakini kikombe hakitumii, anakamulia sakafuni, halafu robo moja ya kiwele ikivimba anauliza imetoka wapi. Mabonge utayaonaje kwenye sakafu yenye maji? Na ng'ombe akishachomwa sindano, maziwa yake hayanyweki wala hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Hilo nalo niliandika, kwa wino mwekundu. Labda wino ndio uliomuudhi, sijui. Mbele ya mama yake, Shangazi!

Watoto hawana tatizo, wanajua zamu zao za maji na za kusafisha banda. Ng'ombe anayekamuliwa anafika hata lita mia moja za maji kwa siku kukiwa na joto, na maji yakipungua maziwa yanapungua siku hiyo hiyo. Watoto hilo wanalijua na hakuna aliyewahi kuniita bosi. Ni yeye tu.

Upande wa kanisa najua utaniuliza kwa nini sipumziki. Sadaka inahesabiwa siku ile ile, watu wawili wasio ndugu, noti zimepangwa kwa thamani, jumla inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wawili wanasaini, na pesa inakwenda benki Jumatatu. Nikiwa na safari ya Jumatatu alfajiri, namwachia naibu pesa na ufunguo anabaki nao mtu wa tatu. Hiyo inachukua muda. Mume wangu anasema Jumapili yangu ni ya kanisa mpaka jua linazama. Kwani nikihesabu haraka haraka na pesa ikapungua, nani atasemwa? Ni mimi, na yeye pia kwa kuwa ni mume wangu. Nimeshafikiria kuuachia uhazini. Nimeandika hata barua ya kujiuzulu, iko kwenye Biblia. Lakini huyo naibu anaandika mapato kwa penseli. Kwa penseli, Shangazi! Siwezi kumkabidhi daftari mtu wa hivyo.

Sasa ndipo penye shida. Ng'ombe wa pili tumeshaacha kumkamua, kama inavyotakiwa, miezi miwili kabla ya kuzaa. Ni uzao wake wa nne, na ana maziwa mengi. Ng'ombe anabeba mimba siku 280 hivi, ila anaweza kutangulia au kuchelewa hata zaidi ya wiki, na katika siku hizo hizo kuna safari ya kazi na mkutano mkuu wa kanisa ambao mimi ndiye msomaji wa hesabu za mwaka.

Huyu ng'ombe si wa kuachiwa mtu aliyenuna. Chupa ya uzazi ikishapasuka, saa mbili zikapita bila maendeleo, daktari aitwe, asisubiriwe mpaka asubuhi. Ndama apakwe ayodini kwenye kitovu na apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza, lita nne kwa ndama mkubwa, kwa sababu baada ya hapo utumbo wake unazidi kufunga na kinga haipiti vizuri. Kondo la nyuma lisivutwe kwa mkono. Likipita siku nzima halijatoka, daktari. Na siku tatu za mwanzo amwangalie mama: akiyumba, masikio yakawa ya baridi, akalala na shingo kaikunja ubavuni, hiyo ni homa ya maziwa. Anahitaji kalisiamu ya mshipani, tena polepole, kwa mkono wa daktari. Asije mtu akamnywesha kitu kwa chupa, ng'ombe wa hali hiyo hamezi vizuri, kitaingia mapafuni. Ni ugonjwa unaoweza kuua ndani ya saa chache.

Hayo yote nitamwambiaje bila kuandika? Nikiandika, mimi ni bosi. Nikimwambia kwa mdomo anasema "nimesikia" akiwa anaangalia simu. Nikinyamaza ng'ombe atakufa, kisha tutaambiwa mama hakuwepo nyumbani.

Kuna jirani aliyenishauri tutafute mtu wa kukamua kwa mshahara. Sitaki. Ng'ombe akibadilishiwa mkono ghafla anazuia maziwa, na mume wangu angesema nimemletea mtu wa kuchukua nafasi yake. Ingawa kweli, kama yeye si kibarua, si bora tukaajiri kibarua? Unaona ninavyozunguka.

Ninachotaka kujua ni hiki. Aliposema vile alikuwa anaisema karatasi, au anaisema kazi yangu ya kusafiri na hana ujasiri wa kuitamka? Kwa sababu kama ni karatasi naweza kumpa yeye kalamu aandike mwenyewe, mimi nisome. Kama ni kazi, sitaiacha, na hilo simwambii mtu mwingine ila wewe. Nimuulize waziwazi, au nitangulie kwa mama mkwe ambaye alisikia na hakusema neno?

Nijibu upesi. Kazini wanataka jina langu la safari kabla ya mwisho wa wiki, na kiwele cha yule wa pili kimeanza kujaa, kuzaa kumekaribia.