Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kata Kwanza, Mkanda Baadaye

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya karate,

Masuala ya ada, vifaa na ratiba ya ukumbi mtayapata kwa mweka hazina na katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililojadiliwa kuliko yote mwaka huu: uamuzi wa kamati kwamba mwanachama hafundishwi kata mpya, yaani mfululizo uliopangwa wa hatua za kujikinga na kushambulia, kabla ile ya mkanda wake haijakaa mwilini.

Uamuzi huu haukupokelewa vizuri na wote. Wazazi kadhaa waliuliza kwa nini mtoto anarudia Heian Shodan, kata ya kwanza, miezi nenda miezi rudi, ilhali wenzake wa kwingine wamefika Heian Sandan, kata ya tatu. Swali ni la haki.

Kata tano za Heian zilitungwa na mwalimu wa karate Anko Itosu, kwa jina la Pinan, mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilipokuwa inaingizwa katika shule za Okinawa, kusini mwa Japani. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Shotokan, ndiye aliyezipa jina la Heian, akabadilishana nafasi za mbili za mwanzo ili iliyo rahisi itangulie. Ndiyo maana Heian Shodan, yenye hatua 21, haina teke hata moja. Mwanafunzi anajenga msimamo, kinga na ngumi. Mateke yanamngoja kwenye Heian Nidan. Asiyeweza kugeuka bila kuyumba katika ya kwanza atapigaje teke la pembeni katika ya pili?

Kwa wanaotafuta mkanda wa kahawia, kikwazo kimekuwa kata ya Tekki Shodan. Kata nzima unasogea kushoto na kulia tu, magoti yamekunjwa kama uliyepanda farasi, na nguvu yote inatoka kwenye nyonga. Haina madoido, na wengi huiona inachosha. Kwa maoni yangu ndiyo kata inayomfichua mtu upesi kuliko nyingine. Aliyeivumilia anaingia kata ya Bassai Dai akiwa na miguu ya kumbeba hatua zote 42.

Tukumbuke pia kwamba kata ni za kale kuliko mikanda. Funakoshi alitoa daraja za dan, yaani za mkanda mweusi, kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akifuata mfumo wa judo wa Jigoro Kano. Tekki na Bassai zilikuwa zimefanyiwa mazoezi Okinawa, kwa majina yake ya huko, muda mrefu kabla ya hapo.

Nawashukuru sana wenye mikanda myeusi waliokubali kusimama mstari mmoja na mikanda myeupe na kurudia Heian Shodan nao. Vijana wameona kwa macho yao kwamba kata hiyo haina mwisho.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza kila mtihani uwe na sehemu ya bunkai: mtahiniwa aonyeshe na mwenzake maana ya hatua tatu za kata yake, atakazochaguliwa na mtahini. Pendekezo hilo naliweka mbele yenu mlijadili na kulipigia kura.