Yah: Malalamiko kuhusu ziara ya siku moja jijini London na madai ya kurejeshewa fedha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Naandika kuhusu ziara yenu ya London inayoongozwa kwa Kiswahili, tuliyokwenda Jumanne ya wiki iliyopita mimi na baba yangu. Mzee ana miaka 74. Alifundisha jiografia kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka alichora ubaoni kwa chaki mstari wa longitudo sifuri ambao hakuwahi kuuona kwa macho. Niliilipia ziara hii kwa sababu ratiba yenu ilisema hivi: "Saa 6:30 mchana, Greenwich. Kusimama juu ya mstari na kuona mpira wa saa ukishuka."

Pengine ofisini kwenu mpira huo ni kitu kidogo. Ni mpira mwekundu ulio juu ya paa la Royal Observatory, kituo cha kale cha kuchunguza nyota kilicho juu ya kilima cha Greenwich, ambako mstari huo wa longitudo sifuri hupita uani, na tangu mwaka 1833 hushushwa saa 7 kamili mchana ili mabaharia waliotia nanga mto Thames warekebishe saa zao kabla ya kung'oa nanga. Dakika tano kabla ya saa hiyo hupanda hadi nusu ya mlingoti, dakika mbili kabla hufika kileleni, na saa 7 ikitimia huanguka. Aliyechelewa dakika moja amechelewa hadi kesho yake. Baba alinieleza haya yote usiku wa kuamkia ziara, akiwa ameshapiga pasi shati lake.

Saa 7 kamili sisi tulikuwa ndani ya duka la zawadi. Duka hilo halimo kwenye ratiba. Mwongoza watalii alisema tunashuka kwa dakika 10, tukakaa karibu saa nzima, na kila nilipomkumbusha Greenwich alinijibu kwamba wengine bado wananunua. Wengine waliokuwa nasi pia walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri. Tulifika kilimani saa 7 na dakika 40. Mpira ulikuwa chini ya mlingoti. Baba aliutazama kwa muda, akauliza kama tunaweza angalau kwenda uani kusimama kwenye mstari. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba ua huo una kiingilio, na kwamba kampuni haikununua tiketi. Tungeweza kujinunulia, lakini basi lingeondoka baada ya dakika 15, na mzee wa miaka 74 hawezi kukimbizana na foleni kwa dakika 15.

Sasa naomba mlisome hili pamoja na jambo la asubuhi. Kwenye stakabadhi yenu, ambayo nimeiambatisha, mmetutoza "kiingilio cha British Museum", yaani jumba la makumbusho, kwa watu wawili. Tulipofika pale niliona tangazo kwamba kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda, na sisi hatukuingia hata moja. Tuliona Jiwe la Rosetta, lile jiwe la kale lenye maandishi kutoka Misri, na vyumba vya Misri ambavyo kila mtu huingia bila kulipa. Kwa hiyo mlitutoza fedha kwa mlango usio na kiingilio, na kwenye mlango wenye kiingilio hamkulipa. Sijapata njia ya kulielewa hilo kuwa ni bahati mbaya.

Ratiba ilitaja pia kubadilishana kwa walinzi wa kasri la Buckingham. Sherehe hiyo haifanyiki kila siku, na Jumanne hiyo haikuwepo. Anayepanga safari zenu alipaswa kujua.

Kuhusu maelezo tuliyopewa garini, nitataja moja tu kwa sababu lilimuumiza baba. Tulipopita Tower Bridge, lile daraja la minara miwili lililofunguliwa mwaka 1894, mwongoza watalii alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba hilo ndilo London Bridge, na kwamba Wamarekani waliwahi kulinunua. Baba alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema kwa upole kwamba London Bridge ni lile jingine lisilo na minara, upande wa juu wa mto, na kwamba lililouzwa ni lile lililolitangulia, ambalo mawe yake yalisafirishwa hadi Arizona likajengwa upya huko mwaka 1971. Alijibiwa: "Mzee, tuna ratiba ya kufuata." Watu wakacheka. Baba hakusema tena neno hadi jioni. Mtu aliyetumia maisha yake kufundisha watoto wa watu hakustahili kunyamazishwa hivyo, tena na mtu aliyekuwa amekosea.

Dereva wenu simlalamikii. Alimshika baba mkono kila aliposhuka na kila alipopanda, na naomba aambiwe asante yetu.

Nadai mambo yafuatayo. Mturejeshee kiingilio chote mlichotutoza kwa British Museum, pamoja na sehemu ya nauli inayolingana na Greenwich, kwa kuwa tulichokilipia hatukukipata. Mumwandikie baba yangu barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake, si kwa jina langu. Na muondoe kwenye ratiba mnayoendelea kuiuza maneno "kusimama juu ya mstari" mpaka mtakapokuwa mnanunua tiketi na kufika kabla ya saa 7, maana kuna wengine watakaolipa kwa kuyaamini maneno hayo kama nilivyoyaamini mimi.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatisha stakabadhi, nakala ya ratiba, na picha niliyopiga tulipofika kilimani, ambayo inaonyesha saa.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wenu, kwa niaba yangu na ya baba yangu