Kwa Nini Tulimtanguliza Akoko: Risala kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wa Bodi ya Usimamizi wa Shule, wazazi wenzetu, na ninyi wanafunzi mlioketi juani kwa adabu tangu asubuhi,

Kwa niaba ya kikundi chetu cha kinamama wasomaji, ninayo heshima kukukaribisha katika hafla hii ya kuikabidhi shule kabati la vitabu. Tunafahamu kwamba mhariri wa vitabu vya watoto hana Jumamosi nyingi za kupumzika, hasa miswada inaposubiriwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ili iidhinishwe. Tunakushukuru sana kwa kuitikia mwaliko wetu, tena bila ya kutuuliza kama kuna posho.

Kwa desturi, risala hueleza historia ya kikundi, kisha mafanikio, changamoto, na mwisho maombi. Historia yetu haitachukua muda. Tulianza tukiwa kinamama wachache tuliosoma sekondari miaka ileile, tukawa tunakutana katika maktaba ya umma ya Kaloleni, hapa Nairobi, kusoma kitabu kimoja na kukijadili hadi mlinzi atukumbushe kwamba ni wakati wa kufunga. Mafanikio yetu ni kabati hilo lililo mbele yenu. Changamoto zetu ni fedha, na katika hilo hatuna upekee wowote. Kwa hiyo, kwa idhini yako, sehemu kubwa ya risala hii itajibu swali ambalo Mwalimu Mkuu alituuliza tukashindwa kumjibu papo hapo: kwa nini, tulipoombwa kila mmoja ataje kitabu cha kutangulia kabatini, karibu sote tulimtaja mwanamke mmoja, ambaye hakuwahi kuishi popote isipokuwa katika kurasa.

Mwanamke huyo ni Akoko, binti wa Chifu Odero Gogni wa Yimbo, katika riwaya ya The River and the Source ya marehemu Daktari Margaret Ogola. Watu wazima wengi waliopo hapa wamemsoma, lakini kwa ajili ya wanafunzi tutamsimulia kidogo. Akoko alizaliwa katika nchi ya Wajaluo kabla reli haijafika ziwani. Aliolewa na Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, ambaye alimpenda kiasi cha kukataa kuoa mke mwingine, ingawa cheo chake kilimruhusu na jamaa zake walimshurutisha. Akoko alifiwa na wanawe wa kiume, akafiwa na mumewe, na alipoona shemeji yake Otieno amekalia kiti cha uchifu huku akiitapanya mali, alifunga safari hadi Kisumu kuwasilisha malalamiko yake mbele ya Mkuu wa Wilaya wa serikali ya kikoloni. Hadithi haiishii kwake, bali inaendelea na bintiye Nyabera, mjukuu wake Awiti aliyekuwa mwalimu, hadi vitukuu waliokuja kusomea udaktari na uhandisi.

Aliyemwandika Akoko alikuwa daktari wa watoto. Alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa miaka kadhaa alikuwa mkurugenzi wa tiba katika kituo cha Cottolengo cha hapahapa jijini, kinachowatunza mayatima wenye virusi vya Ukimwi. Riwaya yake ilitoka mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora katika kanda ya Afrika. Alifariki mwaka 2011. Tunayataja haya kwa sababu wasichana wengi wa shule hii, tulipowauliza, walidhani kwamba mwandishi ni mtu asiye na kazi nyingine.

Mgeni wa Heshima, sisi tulikutana na Akoko darasani, kwani alikuwa katika kitabu teule cha mtihani. Mwalimu aliziandika sifa zake ubaoni, nasi tukanakili: jasiri, mwenye bidii, mwenye msimamo, mwenye busara, na pembeni ya kila sifa tukaweka nambari ya ukurasa wa kuithibitisha. Tulizikariri, tukazijibu, tukapewa alama zetu. Sifa hizo, hata hivyo, zingeweza kubandikwa kwa mhusika yeyote mwema wa kitabu chochote, na hakuna mwenzetu anayeweza kusema kwamba siku fulani alipata ujasiri kwa kuwa aliwahi kuliandika neno hilo katika karatasi ya mtihani. Tulipoanza kuulizana ni nini hasa kilichotubakia baada ya miaka yote hii, tuligundua kwamba kila mtu anarudi katika mahali pawili palepale.

Mahali pa kwanza ni pale mama mkwe anapomshutumu Akoko kwamba amemtawala mwanawe na kumzuia asioe. Akoko halii wala haombi radhi. Anataja kazi aliyoifanya tangu aingie katika boma lile na mali aliyoizalisha kwa mikono yake, kisha anaondoka na kurudi kwao Yimbo hadi jambo hilo liamuliwe na wakubwa. Kwa msichana wa miaka kumi na sita, ambaye alikuwa amezoea kuona mama yake akishutumiwa na kunyamaza, ukurasa ule ulikuwa mgeni kabisa. Hatukujua kwamba mwanamke anaweza kujibu shutuma kwa hesabu.

Mwenzetu mmoja, ambaye hushona sare za shule, alikirudia kitabu hicho alipokuwa na mtoto wake wa kwanza, wakati ambapo kila mgeni aliyefika nyumbani alimkuta na mtoto mgongoni akiwa kwenye cherehani na bado akamwuliza kama amepata kazi. Alinunua daftari la kurasa ngumu. Ametuonyesha na kuturuhusu tulitaje: lina safu tatu zilizochorwa kwa rula, ya tarehe, ya kazi, na ya aliyefaidika. Humo utakuta sare za watoto wa shemeji zilizoshonwa bila malipo, mabati ya jiko la nyumbani mashambani, dawa za presha za mama mkwe, nauli za mazishi. Mumewe alilicheka kwa muda mrefu. Kisha ikatokea haja ya mkopo wa kununua cherehani ya umeme, na afisa wa mikopo akamwuliza mwenzetu kama anazo rekodi zozote za mapato yake, kwa sauti ya mtu ambaye tayari analijua jibu. Alilitoa daftari kwenye kiondo, akalifungua, akaligeuza ili afisa alisome vizuri. Alipewa mkopo, ingawa ni mdogo kuliko alioomba. Mumewe sasa humkumbusha kuandika.

Mahali pa pili ni safari ya Kisumu, na hapa tunaomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu ndipo tulipojifunza mengi zaidi. Mwenzetu mwingine ni mjane. Baada ya mazishi ya mumewe aliambiwa na jamaa za marehemu kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba yeye na watoto wake wangetafutiwa mahali pa kukaa. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika nchini tangu mwaka 1981, nayo inamtambua mjane; na kifungu cha 60 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Lakini sheria hizo zote zilikuwepo wakati alipokuwa akilia jikoni, na hazikumwinua. Anasema kwamba kilichomwinua ni kumkumbuka yule mwanamke mzee asiyejua kusoma, asiyejua lugha ya ofisini, ambaye alijua tu kwamba kuna ofisi mahali fulani na kwamba miguu yake inaweza kufika huko.

Basi akaenda. Alikwenda kwa chifu kuomba barua ya kuwatambua warithi, akaambiwa arudi na wazee, akarudi na wazee. Alikichukua cheti cha kifo. Alifungua ombi la usimamizi wa mirathi mahakamani, na jina la mumewe likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali pamoja na ilani ya siku 30 kwa yeyote mwenye pingamizi. Shemeji aliweka pingamizi. Shauri lingalipo hadi leo, na bahasha ya khaki yenye nakala zake huja nayo hata katika vikao vyetu vya kusoma, kwa kuwa haiamini nyumba. Husema kwa kicheko kwamba Akoko alikuwa na bahati, kwani hakuwahi kukutana na karani anayesema kwamba faili halionekani.

Isidhaniwe, Mgeni wa Heshima, kwamba tunamsujudia. Kikao kilichokuwa kikali kuliko vyote ni kile ambacho mwalimu mmoja miongoni mwetu alihoji kwa nini haki ya Akoko itoke kwa mkoloni. Alitukumbusha kwamba serikali hiyohiyo ndiyo iliyosimamia jiji ambamo Maktaba ya McMillan, mama wa maktaba yetu ya Kaloleni, ilifunguliwa mwaka 1931 na kubaki bila kumpokea msomaji Mwafrika hadi mwaka 1958. Mjukuu wa Akoko, mwalimu mwenye cheti chake, angefika mlangoni pale kabla ya mwaka huo angegeuzwa. Wengine walimjibu kwamba mwenye shida hugonga mlango uliopo, na kwamba Daktari Ogola hakumchora mkoloni kuwa malaika. Hatukuafikiana, na maoni ya mwandishi wa risala hii ni kwamba mwalimu alikuwa na hoja nzito kuliko tulivyotaka kukubali siku ile.

Wapo pia wanaosema kwamba Akoko amekamilika mno, kwamba karibu kila analosema ni la hekima, na kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kumchosha msomaji aliyeshindwa mara nyingi. Hao wamemchagua Nyabera, binti yake. Nyabera alizika watoto, akafiwa na mume, akakubali kurithiwa na Ogoma Kwach kwa kutamani kuzaa tena, akaumizwa na uamuzi huo, kisha akauacha na kwenda kuanza upya katika misheni ya Aluor. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye mambo yake hatutayasema hapa, alituambia kwamba Akoko alimfundisha jinsi ya kuingia ofisini, lakini Nyabera ndiye aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kuondoka katika nyumba ambayo aliichagua mwenyewe. Tuliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba hoja hiyo ipokelewe bila mjadala.

Mgeni wa Heshima, sasa tunafika kwenye maombi, nayo ndiyo sababu ya kukualika wewe na si mwanasiasa.

Sisi tulimpata Akoko tukiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, kwa lugha ya Kiingereza, na kwa sababu mtihani ulitulazimisha. Wadogo zetu waliotuzidi kwa bahati walimpata Umu wa riwaya ya Chozi la Heri kwa Kiswahili, msichana anayebaki kuwa mzazi wa ndugu zake wawili, na tumewasikia wakimzungumzia kama jirani. Lakini naye walimpata sekondari. Msichana wa Gredi ya Tano katika shule hii, ambaye tayari anapika, anambeba mdogo wake na kuijua bei ya unga kila asubuhi, anasoma nini kwa Kiswahili? Tulipitia vitabu tulivyonunua kwa ajili ya kabati hili, vingine vipya na vingine kutoka kwa wauzaji wa kando ya barabara za katikati ya jiji, pale ambapo mnunuzi huinama ili achague. Katika hadithi nyingi mno, msichana aliyetoka nje bila ruhusa alipatwa na mabaya, akarudi akilia, akaomba msamaha. Tunaelewa nia ya waandishi hao, kwa kuwa sisi pia ni wazazi na jiji hili tunalijua. Hata hivyo, mtoto aliyelelewa kwa hadithi za namna hiyo peke yake atakapofika miaka thelathini na kuonewa, hatakuwa na mtu wa kumkumbuka.

Tunakuomba basi, katika miswada inayopita mezani pako, umtafute msichana anayehesabu, anayeuliza bei, anayejua ofisi iko wapi na anayekosea bila ya kuangamizwa kwa kosa lake. Mruhusu akae katika kitabu kinene kiasi, chenye sura kadhaa, ili msomaji apate muda wa kuishi naye. Tunakuomba pia usimwekee maswali ya zoezi mwishoni mwa kila sura. Wako wasichana ambao wangempenda Akoko mapema zaidi kama wasingeulizwa wamfafanue.

Ombi letu la pili ni bei. Tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilipotoza vitabu kodi ya asilimia 16, mzazi anayenunua hadithi hapa mtaani huilipa na serikali pia. Tunajua kwamba kodi haimo mikononi mwako. Lakini jalada na gundi vimo. Nakala ya Akoko tunayoitanguliza leo ina majina ya wasichana watatu wa familia moja kwenye ukurasa wa kwanza, kila jina kwa wino wake, na mgongo wake umeshikiliwa kwa selotepu iliyokwisha kuwa rangi ya chai. Imedumu kwa sababu ilishonwa. Vitabu kadhaa vipya tulivyonunua viliachia kurasa kabla hatujavifikisha hapa shuleni.

Mwisho, tunakuomba uwe mlezi wa kabati hili kwa namna utakayoona inafaa, na ukipata nafasi urudi siku isiyo na sherehe, ukae na wasichana wa Gredi ya Tano uwasikilize wanavyosoma. Mwalimu Mkuu ameahidi kwamba kabati halitafungwa kwa kufuli wakati wa mapumziko, nasi tunaitaja ahadi hiyo mbele ya mashahidi.

Baada ya maelezo hayo, tunakuomba kwa heshima usogee mbele upokee ufunguo na kitabu cha kwanza kutoka kwa mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake.

Risala hii imesomwa na katibu kwa niaba ya wanachama wote. Ahsante sana.