Hattin bila kiu si Hattin

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaojitengenezea senario (mapigano ya kujipangia wenyewe) katika mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II wanayapenda sana mapigano ya Hattin ya Julai 4, 1187, ambapo Sultani Salahuddin aliwashinda Wapiganaji wa Msalaba. Nyingi ya kazi hizo zina kasoro moja: panga tele, kiu hakuna. Mchezo wenyewe unahesabu chakula, mbao, dhahabu na mawe tu, ilhali Hattin iliamuliwa na maji.

Jeshi la Wapiganaji wa Msalaba chini ya Guy, mfalme wa Yerusalemu, watu wapatao 20,000, lilikuwa limepiga kambi Saffuriya penye chemchemi za kutosha. Julai 2 Salahuddin akauteka mji wa Tiberia ili awatoe hapo. Kesho yake wakatoka kweli, wakaipita chemchemi ya Turan na kushika njia ya mashariki. Nyuma yao askari wa Salahuddin wakaikalia Turan. Usiku jeshi la Guy likalala juu ya uwanda mkavu, huku ngamia wakipanda kutoka ziwani na viriba vya maji kwa ajili ya kambi ya Waislamu.

Kiu hiyo inawezekana kuwekwa kwa vichochezi vya kihariri cha senario, yaani amri zinazotekelezwa zenyewe sharti fulani likitimia. Chora eneo kuanzia mashariki ya Turan hadi pembe mbili za Hattin (vilele viwili vya kilima), kisha amuru kila askari wa Guy aliyemo apunguziwe pointi 1 ya uhai kila sekunde 5. Askari wa mkuki ana pointi 45, kwa hiyo atakufa kabla ya dakika 4. Mpanda farasi mwenye 100 atavuka dakika 8. Ndivyo ilivyokuwa: askari wa miguu ndio waliovunjika kwanza, wakakimbilia kilimani na kukataa kushuka. Moshi wa nyasi zilizochomwa na watu wa Salahuddin hauna picha yake katika mchezo. Kichochezi cha pili kinachoongeza makali ya kiu asubuhi ya Julai 4 kinatosha.

Makosa ni yale yale. Kichochezi kinachojirudia kikikosa kipima muda, hupiga karibu kila sekunde na jeshi zima la mikuki linateketea kabla ya dakika moja. Asiyechagua mchezaji wala aina ya askari huwaua watu wa Salahuddin pia na kubomoa majengo, basi eneo lisifike kwenye ngome ya Tiberia. Na kilima kisiwe kirefu mno: aliye juu huongezewa robo ya nguvu ya pigo, na pembe za Hattin zikiwa mlima, waliozingirwa watashinda.

Turan iwe na kichochezi chake cha kurudisha uhai, kizimwe mara tu jeshi linapoipita. Asiyekizima atamwona mchezaji akirudi kunywa, jambo ambalo Guy hakuliweza.

Kazi ngumu zaidi ni kumtoa Saffuriya mchezaji anayeongoza jeshi la Guy. Anayeijua historia atakaa palepale penye maji, na mapigano hayatatokea. Raymond wa Tripoli, mmoja wa wakuu waliokuwa na Guy, alishauri hivyo hivyo, ingawa mkewe Eschiva ndiye aliyekuwa amezingirwa ngomeni Tiberia. Lakini Guy alikwisha kulaumiwa mwaka 1183 kwa kukwepa mapigano, na mkuu wa Watempla (shirika la watawa wapiganaji), Gerard de Ridefort, alimshikilia usiku ule mpaka akaamuru watoke. Ni lazima mchezaji aonje shinikizo hilo. Weka kipima muda cha dakika 15. Ngome ikianguka bila yeye kuondoka, nusu ya wapanda farasi wake wahamie kwa mchezaji wa tatu asiyepigana. Hapo kukaa kutakuwa na gharama, na kutoka kutakuwa na gharama.

Kuhusu Mamluki wa mchezo huo (askari watumwa wa Kiislamu, si askari wa kukodiwa) wanaorusha panga zilizopinda wakiwa juu ya ngamia, waacheni nje. Mamluki halisi walipigana juu ya farasi kwa upinde na mkuki. Ngamia wapangeni kwenye njia ya ziwani, wabebe maji.

Mpenzi wa michezo ya mikakati,
Dar es Salaam